Perege wa Imelda

Iyula, Mbozi
11 Agosti 1996

Mwanangu Zuleha,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nawe utaitikia kwa namna ya kwenu, kama tulivyozoea nyumba hii tangu baba yako Saidi alipokushusha kwenye lori umekumbatia mto wako wa kulalia. Mimi mzima. Kahawa imekubali mwaka huu, ila wanunuzi wamekuwa wengi kama nzi, kila mmoja na mizani yake. Zile siku za kupeleka mzigo wote kwenye chama cha ushirika na kurudi tukiimba zimekwisha, na mimi nazikumbuka kila ninapoanua kahawa.

Lakini sikukaa chini niandike habari za kahawa. Ni bwawa la mama yako Imelda. Tangu tumzike mwezi wa tatu mwaka jana, hajaonekana kifaranga hata mmoja. Samaki wenyewe wapo, tena wamenenepa, migongo imekuwa mipana. Msimu wote wa joto ulipita nikiinama pale ukingoni jioni, mahali alipokuwa akisimama yeye, nikitafuta vile vidudu vyeusi vinavyokimbia pamoja. Hakuna.

Watu wanasema, na hapa kwetu hawakosi la kusema. Unajua Mungu hakutupa mtoto wa kuzaa, mimi na mama yako. Tulipewa wewe tukulee. Sasa jirani yetu Jonasi amesema mbele za watu kwamba hata samaki wamefuata tabia ya nyumba. Alipokuwa akisema nilicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Mimi nadhani wanamlilia. Wewe uko kwenye kituo cha samaki, labda huko mnajua dawa ya huzuni ya samaki. Nimeamua hivi: Krismasi ikifika bila vifaranga nitafungua maji, niwagawe samaki kanisani, nipande magimbi. Jonasi anasema ninunue wengine. Sitaki wengine. Hawa ni uzao wa ndoo ile aliyokuja nayo Imelda, na wakiisha hawa bwawa nalo limekwisha.

Baba yako,
Jairo Mbonile


Morogoro
29 Agosti 1996

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka kwa hao nzi wenye mizani, mara ya pili nikalia mpaka mwenzangu wa chumbani akaniletea maji.

Baba, usifungue maji. Hilo nakuomba kabla ya yote. Nilipokuja kusomea samaki wenzangu waliniuliza mtoto wa dereva wa Tunduma amepata wapi wazo hilo. Nilipata hapo ukingoni, nikiwa nimeshika sahani ya bati na mama ananiambia nitupe kidogo kidogo, tusiwazoeshe uroho. Ndiye yule yule aliyeniamsha kula daku mwezi mzima wa Ramadhani na kukaa kunitazama nikimenya viazi, eti mtoto hawezi kula peke yake. Mke wa mzee wa kanisa! Hadi leo nikisimulia watu hawaniamini.

Samaki hawamlilii mtu, ingawa kwa mama ningependa iwe kweli. Mkubwa wangu wa kazi, Bwana Barnaba, aliposikia habari za perege wasiozaa alifikiria kwanza baridi ya Mbozi. Nikamwambia walizaa miaka yote kwenye baridi hiyo hiyo. Sasa anauliza mambo mawili. La kwanza, wanakula nini? Niandikie kila kitu, hata kama ni kidogo. La pili ni gumu, unisamehe. Mpasue jike mmoja mkubwa, uangalie mayai yake yakoje.

Ni mimi mwanao,
Zuleha


Iyula
20 Septemba 1996

Mwanangu,

Nimefanya. Nilikaa na wavu asubuhi nzima, kila niliyemshika naona ni yule aliyekuwa akimjia mama yako mkononi. Mwishowe nikajipiga moyo konde. Ndani ni mafuta, mafuta meupe yamejaa kila mahali, na pale panapokaa mayai pana nyuzi mbili nyembamba tu, hazina kitu. Sikuweza kumla. Nilimpelekea Jonasi.

Kuhusu chakula, wanakula pumba kama siku zote, na majani ya kabichi nikikumbuka. Sina la kuongeza hapo.

Usiku ule nilikumbuka safari ya ndoo. Wewe ulikuwa umelala juu ya magunia, hukuona. Mama yako alikuwa amepewa perege kwenye bwawa la misheni, wadogo kama kidole, akakaa nao mbele na ndoo katikati ya magoti, amefunika kwa kanga. Kila lori likirusha anasema, "Saidi, wanangu hao." Baba yako akaendesha kama anabeba mgonjwa. Malori ya Zambia yanapiga honi nyuma, madereva wanatutukana kwa Kibemba, na yeye anawapungia mkono. Alichelewa kufika, tajiri wake akamsema vibaya, naye hakujitetea. Ndiyo maana baba yako akinipa kitu sisemi neno juu ya kitu hicho. Nakipokea.

Jairo


Morogoro
8 Oktoba 1996

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kazi niliyokutwisha. Nilimsomea Bwana Barnaba habari za mafuta na zile nyuzi mbili. Akavua miwani, akasema pumba peke yake hainenepeshi samaki hivyo.

Alinieleza na mimi nakueleza kama nilivyoelewa. Ndani ya samaki kuna vichocheo, wataalamu wanaviita homoni. Vinatoka kichwani, vinapita kwenye damu, vinafika kwenye mayai na kuyaambia muda umefika, komaeni. Kwa dume navyo vinaamsha mbegu. Lakini vinategemea chakula. Samaki akikosa majani na vitu vya kumjenga, au akila kitu chenye kuvizima, ujumbe haufiki. Anakula, anajiwekea mafuta, ukimtazama unamwonea wivu, kumbe uzazi umefungwa. Kwa hiyo tatizo si nyumba, baba. Jonasi akisema tena mwambie hivyo.

Nakuuliza tena kwa heshima. Hakuna kingine wanachokula? Mama hakuwapa pumba tu. Alikuwa na kingine, na mimi nilikuwa naye kila alipokwenda kukichukua, ila aliniapisha nisikutajie, na nikikutana naye ahera sitaki aniulize. Tafakari mwenyewe, labda utakumbuka.

Zuleha


Iyula
24 Oktoba 1996

Zuleha,

Umeandika kwamba kuna jambo mama yako alikuapisha usiniambie. Usiniambie. Nalijua. Nililijua miaka yote na sikumgusia hata siku moja. Marehemu aachwe apumzike.

Mvua za kwanza zimenyesha. Tuongee mambo mengine.

Jairo


Tunduma
2 Novemba 1996

Kwa binti yangu Zuleha,

Asalaam aleikum. Umeniandikia nipite Iyula nichungulie Mzee Jairo analisha nini samaki wake. Mwanangu, huna haja ya kunituma. Mimi ndiye ninayewalisha!

Siku ya msiba nilifika nimechelewa, nikitoka Ndola, kaburi limeshafukiwa. Niliona aibu. Nikamwambia Mzee Jairo mbele ya wazee wote kwamba rambirambi yangu haitakuwa ya siku moja. Tangu hapo kila mwezi namshushia gunia la mashudu ya pamba, safi kabisa, yanatoka kwenye kiwanda cha mafuta huko Zambia. Siku hizi mpaka umekuwa rahisi, si kama zamani tulipoficha hata sabuni. Umewaona walivyonenepa? Kila nikipita Mzee ananiambia ahsante, ndugu yangu, wanakula vizuri. Wewe mwenye cheti hujamlisha samaki hata mmoja kama baba yako dereva.

Nakutania. Kula vizuri, uswali.

Baba yako,
Saidi


Morogoro
13 Novemba 1996

Baba yangu Jairo,

Shikamoo. Leo nitaandika bila kuzunguka, usinikasirikie.

Baba Saidi amenieleza habari za magunia. Nimeelewa kwa nini hukuyataja. Rambirambi haikaguliwi, na wewe hukutaka mimi nisikie kwamba labda mkono wa baba yangu ndio ulioleta shida. Lakini ndiyo hiyo, baba. Mbegu ya pamba ina sumu yake ya asili. Ng'ombe mkubwa anaila, tumbo lake linaiweza. Samaki anayelishwa hiyo mwezi hadi mwezi ananenepa, huku vile vichocheo vinafifia, jike hakomazi mayai na dume hana nguvu. Bwana Barnaba amewahi kuliona bwawa la namna hiyo. Anasema ukiacha sasa wanaweza kurudi, ila si kwa siku moja. Nipe mpaka Pasaka, baba, si Krismasi.

Na mimi nitatoa langu. Umesema unalijua, ndiyo maana nikashangaa kwa nini huwapi. Basi nalitaja, mama atanisamehe, ni kwa ajili ya wanawe. Ni machicha ya komoni. Kila Jumanne na Ijumaa, wewe ukiwa shambani, tulikuwa tunapita njia ya nyuma mpaka kwa Mama Ferista anayepika pombe. Mama anapewa machicha ya moto moto kwenye ndoo, anafunika kwa kanga, tunarudi tukiwa tumenyamaza kama wezi. Alisema mke wa mzee wa kanisa akionekana kilabuni atakuaibisha wewe. Mimi nikamwambia mtoto wa Kiislamu akionekana je? Alicheka mpaka akakaa chini. Tungekamatwa, dini zote mbili zingetufukuza. Aliyachanganya na pumba, majani ya maboga, na kumbikumbi wakati wao, na samaki walizaa mpaka tukawa tunagawa ndoo nzima nzima.

Hayo ndiyo niliyoapishwa. Chukua ndoo, baba, uende kwa Mama Ferista.

Zuleha


Iyula
8 Desemba 1996

Mwanangu Zuleha,

Barua yako niliipokea nikiwa njiani, nikaisoma nimesimama, kisha nikakaa pale pale kwenye majani. Nilikaa mpaka Jonasi akaja kuniuliza kama naumwa.

Mimi sikuwa nalijua lile unalolijua wewe. Nilikuwa najua jambo jingine. Miaka ile, jioni nikirudi shambani, nilikuwa nasikia harufu ya komoni kwenye kanga ya mama yako. Siku nyingine kwenye mikono, siku nyingine akisema jambo karibu nami nasikia. Nilidhani anakunywa. Nilijiambia ni uchungu wa kukosa mtoto, na uchungu ule ni wa wote wawili, mimi ni nani nimhukumu? Kwa hiyo sikumuuliza. Nilimwombea kimya kimya, kila Jumapili, na yeye amekaa upande wa wanawake anaimba sauti ya juu kuliko wote. Alipougua nikasema moyoni, ni ile pombe. Siku ya mazishi wakamsifu kwamba hakuwa na doa, nami nikainamisha kichwa. Kanga yake nimeifua, Zuleha. Nimeifua mara nyingi tangu afariki ili mtu asije akaisikia.

Na alikuwa anawapelekea samaki chakula.

Sikuweza kwenda siku hiyo. Nilikwenda Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, na suti yangu, na ndoo ile ile. Sikupita njia ya nyuma. Mama Ferista aliitazama ndoo kabla ya kunitazama mimi. Nikamuuliza kama mke wangu alikuwa akinywa hapa. Akasema, "Mama Imelda? Hata kuonja hakuwahi. Nilikuwa namkaribisha namtania, anasema mzee wangu atasikia harufu."

Nilirudi na ndoo imejaa. Nimelia njia nzima na sioni haya kukuandikia, wewe ni mwanangu.

Mashudu nimeyaacha. Lakini baba yako nimwambie nini? Gunia la mwezi huu limeshafika. Nakupa mpaka Pasaka.

Jairo


Tunduma
20 Desemba 1996

Ndugu yangu Mzee Jairo,

Salamu. Binti yetu ameniandikia kila kitu. Mwanzo nilikasirika, nikasema huyu mtoto anafundishwa nini huko. Halafu nikakumbuka unavyoniambia ahsante huku unatazama pembeni. Miezi yote hiyo unaona bwawa limekauka uzazi na unaniambia ahsante! Kwa nini hukuninong'oneza hata kidogo, mtu niliyebeba samaki hao kwa lori nikitukanwa barabara nzima?

Rambirambi haivunjwi. Gunia litakuja kila mwezi kama nilivyosema mbele ya wazee, ila wape ng'ombe. Samaki nitawaletea vumbi la dagaa kutoka Mpulungu, binti amelipitisha. Machicha sibebi. Hapo mnisamehe.

Saidi


Iyula
12 Januari 1997

Mwanangu,

Ramadhani njema. Nimekula viazi asubuhi nikakukumbuka.

Samaki wamepungua unene, wamekuwa wepesi, wanakimbizana. Madume wengine wamechimba mashimo chini ya maji, nayaona jua likiwa kali. Nilifurahi. Lakini tangu juzi kuna jike mmoja, mkubwa, amejitenga kwenye kona ya majani. Taya limevimba, mdomo ameukaza, haufungui. Wenzake wakija kula yeye haji. Nimemtupia machicha mbele ya pua kabisa akageuka. Naogopa ni ile sumu imebaki mwilini, au ni ugonjwa utakaoua wote. Jonasi anasema nimtoe upesi kabla hajaambukiza, na yeye ana ng'ombe, anajua magonjwa. Nimeandaa wavu. Nitamtoa kesho, nimfukie mbali na maji.

Jairo


Morogoro
25 Januari 1997

Baba, baba, usimtoe!

Barua yako imefika leo, na uliandika "kesho". Namkabidhi kondakta wa basi la Tunduma barua hii, naomba Mungu uwe umechelewa kama kawaida yako. Haumwi. Jike wa perege huyo akitaga huyaokota mayai na kuyaficha mdomoni. Hali kitu, hafungui, mpaka watoto watoke. Mama alijua, ndiyo maana kuna siku alinikataza kabisa kusogea upande wa majani. Kwa nini hatukukuambia! Tulidhani unajua kila kitu.

Nijibu haraka hata kwa mstari mmoja.

Zuleha


Iyula
30 Januari 1997

Mwanangu Zuleha,

Barua yako imefika jana, imechelewa sana. Mambo yalikuwa yameshapita.

Ile kesho niliyokuandikia nilishuka bwawani na wavu. Jonasi alikuwa nyuma yangu na jembe la kufukia. Jike alikuwa pale pale, mdomo umefumba, hakukimbia. Nikaushusha wavu chini yake, ilibaki kuinua tu. Jonasi akasema inua.

Sikuinua. Nilisimama na maji kwenye magoti, nikajiambia, Jairo, umewahi kumdhania vibaya mwanamke mmoja kwa ajili ya mdomo wake, na hukumuuliza, na leo huna wa kumwomba radhi. Huyu mwache. Akifa afe, lakini si kwa mkono wako. Nikautoa wavu. Jonasi akaniambia nimezeeka. Nikamwambia ndiyo.

Nikawa naenda kukaa naye kila siku, baada ya kupalilia. Sikumtupia kitu, nilikaa tu. Nilimwambia habari nyingi za mama yako. Ijumaa iliyopita, jua limewaka, nikaona mdomo unafunguka, na mbele yake maji yakawa na kama vumbi jeusi. Vumbi likaanza kuogelea. Nikainama nione vizuri, kivuli changu kikaanguka juu yao, na wote, Zuleha, wote kwa pamoja wakarudi mbio wakaingia mdomoni mwa mama yao. Akaufunga.

Nilimwita Jonasi aje aone. Alitazama muda mrefu, akavua kofia. Mbegu za magimbi nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya bwawa nimempa yeye.

Jumapili nilipitia kwa Mama Ferista asubuhi, kwa hiyo nimeingia kanisani nanuka komoni. Waliokaa jirani wamesogea kidogo. Nadhani sasa wananiombea kimya kimya, na nimewaacha waniombee. Kanga ya mama yako siifui tena. Naifunikia ndoo.

Idi inakaribia. Baba yako amesema atakupitia Mbeya ukipata likizo. Njoo uwaone, halafu twende wote wawili kwa Mama Ferista, mchana, kwa njia ya mbele.

Baba yako,
Jairo